Siku Nne za Mwanzo: Mombasa hadi Tanga kwa Baiskeli, Peke Yako

Mtu akiniambia anataka kwenda mbali kwa baiskeli, awe anaelekea Dar es Salaam, Mbeya au hata Malawi, kabla ya kumuuliza habari za gia na tairi humuuliza usiku wa kwanza atalala wapi. Wengi hujibu Voi. Hapo ndipo tunapokaa kitako tuzungumze. Voi iko kilomita 150 na ushei kutoka Mombasa, barabara ni ile ile ya malori ya bandarini, na ukishaiacha Mariakani nyuma unaingia nyika ya Taru, ambako jua ni jingi na kivuli ni cha kutafuta. Ni njia nzuri kwa aliyekwisha kukomaa. Lakini kwa siku ya kwanza, peke yako, na mzigo usiouzoea, jibu langu ni Ukunda. Kilomita kama 30 kutoka Likoni, basi.

Nasema hivi kwa sababu siku za mwanzo zina kazi yake, na kazi hiyo si kumaliza kilomita. Ni siku za mwili kukizoea kiti, magoti kuuzoea mzigo, na roho kuuzoea ukimya. Wanaorudi nyumbani na basi kabla ya wiki kwisha, ukiwachunguza, aghalabu si wanyonge. Ni watu wenye nguvu walioanza kwa pupa.

Mimi ni fundi cherehani, nina meza yangu Makadara hapa Mombasa, na husafiri kwa baiskeli kila kazi inaponiruhusu, hasa baada ya Idi, nguo za watu zikishatoka. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye mishono kuliko kwenye vyuma. Tena ni mwanamke anayesafiri peke yake, na mengine nitakayosema yametokana na hilo, ingawa mwanamume akiyafuata hatapata hasara. Njia ni ya kusini: Likoni, Ukunda, Msambweni, Lunga Lunga, mpaka wa Horohoro, kisha Tanga. Jumla yake ni kama kilomita 170, nami nazigawa kwa siku nne.

Upepo kwanza

Wazee wetu wa majahazi hawakung'oa nanga bila kujua upepo unatoka wapi, na mwendesha baiskeli afanye vivyo hivyo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na ukielekea Tanga hukusukuma mgongoni. Kusi hushika kuanzia Aprili na kuendelea hadi Septemba, na ukienda kusini wakati huo utakuwa nao usoni kutwa, Juni na Julai zaidi. Barabara ya pwani haina milima ya kutisha, kwa hiyo upepo ndio utakaoamua umefika umechoka kiasi gani.

Miezi ninayoipenda ni Januari na Februari. Joto ni kali, lakini barabara ni kavu na upepo ni wako. Aprili na Mei ni masika; baki nyumbani ushone. Na ikiwa likizo yako ni ya Agosti, geuza njia: elekea Kilifi na Malindi, siku ya kwanza ulale Kikambala au Vipingo, na mengi ya humu yatakufaa vile vile.

Baiskeli

Hapa sitasema mengi. Baiskeli ya mtumba yenye fremu ya chuma, rimu zilizonyooka, gia nyepesi na keria ya nyuma inayoshikwa na bolti pande zote mbili inatosha kukufikisha mbali. Tairi liwe pana kiasi, sentimita 4 hivi, maana mbele kuna vipande vya lami iliyomeguka na pembeni mwa barabara ni mchanga.

Urefu wa kiti upime namna hii: kaa juu yake, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu ukinyooka bila ya nyonga kuinama upande, kiti kiko sawa. Ukiendesha kwa kutumia sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki na mkunjo mdogo, na ndio unaotakiwa. Kumbuka pia kwamba goti likiuma kwa mbele, kiti mara nyingi kiko chini mno, na likiuma kwa nyuma, kiko juu mno. Siku ya tatu utakuja kunishukuru.

Kabla ya kuondoka, kaa uani ufanye kazi mbili mpaka mikono izijue: kutoa na kurudisha gurudumu la nyuma, na kuziba pancha. Mafundi wa baiskeli hawakosekani Likoni wala Ukunda, lakini msumari hauchagui mahali. Ukishatoa tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote kabla ya kuweka tyubu iliyozibwa. Kitambaa kitanasa kwenye mwiba au kigae kilichobaki, na ukikiacha kitakutoboa tena mwendo wa dakika kumi. Beba tyubu mbili, vibandiko na solushen, pampu, spana zinazoingia kwenye bolti zako, na spoki chache ulizozifunga kwenye fremu kwa utepe.

Mnyororo wa baiskeli ya Mombasa una adui wake, nayo ni chumvi ya bahari. Mimi hutumia mafuta ya cherehani. Ni mepesi, yanapenya ndani ya viungo, hayashiki vumbi sana. Upungufu wake ni kwamba hayadumu, kwa hiyo kila jioni mnyororo huufuta kwa kitambaa kikavu na kuutia matone mapya. Nakuomba kazi hiyo usiione mzigo. Nitaeleza baadaye kwa nini naitaka ifanyike jioni.

Nguo na mifuko

Chukua suruali uliyo nayo uigeuze ndani nje. Utaona mishono minne inakutana mahali pamoja, katikati ya mapaja. Hapo ndipo kiti cha baiskeli kinapobana. Kwa mwendo wa kwenda sokoni hutahisi kitu. Kwa saa nne, ule mkutano wa mishono unachubua ngozi, na ngozi ikishachubuka katika joto hili na jasho hili haiponi ukiwa bado unaendesha. Nimewashonea watu wengi suruali za safari na dawa yangu ni moja: nafumua pale katikati, nakata kitambaa chenye umbo la kashata, nakishonea hapo. Mishono inahama kutoka chini ya mwili na kwenda kwenye mapaja, na mahali penye uzito panabaki kitambaa kitupu, laini. Kisha kila mshono unaukunja ulale, unaupiga nyuzi mbili juu yake, usibaki na ukingo wowote unaosimama. Fundi yeyote wa mtaani kwako anaweza kuifanya kazi hii kwa nusu saa ukimweleza vizuri. Usivae jinzi. Pamba iliyochanganywa na poliesta kidogo hukauka usiku mmoja, nawe unahitaji suruali mbili tu, moja mwilini na moja kwenye kamba.

Upana wa goti uwe wa kutosha, kifundo kiwe chembamba, hasa upande wa mnyororo. Juu navaa kanzu fupi inayofika magotini, iliyopasuliwa pande zote mbili hadi nyongani, mguu upande na kushuka bila kuvutwa. Buibui na dera havifai barabarani, upindo wake unaingia kwenye spoki. Lakini buibui jepesi huwa juu kabisa ya mfuko wangu, na nikifika mji nalivaa kabla sijaanza kuuliza chochote. Si kwa ajili ya mtu kunihukumu. Nimechoka, nimejaa vumbi, na nikiingia ndani yake najiona nimefika.

Mtandio chini ya helmeti uwe wa pamba nyembamba, uliofungwa nyuma ya shingo. Usiweke pini utosini. Kwa kilomita tano hutaisikia, kwa kilomita thelathini itakuumiza kichwa kizima.

Sasa leso. Nunua doti nzima, ikate, ipinde. Sijaona kifaa cha safari kinachoishinda. Usiku ni shuka, asubuhi ni taulo, mchana ni kivuli ukiitungika kwenye tawi la mwembe, gestini ni pazia la dirisha lisilo na pazia, na wakati wa sala ni mswala. Mkono ukikufa ganzi, kipande chake kinaviringishwa kwenye usukani. Leso mbili zinaingia mahali pa fulana moja nzito.

Mifuko yangu nimeishona mwenyewe kwa turubai la lori, lile gumu, kwa uzi wa nailoni, chini nikaweka tabaka mbili. Huhitaji ya kununua kwa bei kubwa. Unachohitaji ni pande mbili kuwa na uzito sawa. Nenda dukani kwa mtu mwenye mizani umwombe akupimie. Tofauti ya kilo moja inavuta baiskeli upande mmoja siku nzima, na bega lako ndilo linalolipa. Vizito viwe chini, karibu na gurudumu. Jumla isizidi kilo 12 bila maji. Ikizidi, mwaga vitu kitandani uanze upya. Jiko na sufuria viache, njia hii ina chakula. Hema pia si lazima hadi Tanga. Chandarua ni lazima, maana pwani yetu ina malaria na si kila gesti ina chandarua kizima.

Siku ya kwanza: Likoni hadi Ukunda

Ondoka baada ya sala ya alfajiri, siku ya kazi. Watu hushangaa nikisema siku ya kazi. Asubuhi umati mkubwa wa Likoni unavuka kuja kisiwani kutafuta riziki, nawe unaelekea kinyume chao, kwa hiyo feri inayokwenda Likoni ina nafasi. Jumapili jioni ni kinyume kabisa. Usipande baiskeli kivukoni. Ikokote tangu juu, mkono kwenye breki, kwa sababu mteremko una maji ya chumvi na viatu huteleza. Mle ndani simama pembeni, geuza mnyororo usiguse nguo za watu. Abiria wa miguu hawalipi, kwa hiyo ni umati wa kila aina: wanafunzi, wachuuzi, wagonjwa wanaorudi kutoka hospitali. Salimia walio karibu. Mazoezi ya kusalimiana yanaanzia hapo, nayo ni ulinzi wako mkubwa kuliko kufuli.

Feri ikitua, usikimbie. Acha watu watoke, acha magari yapande, kisha ndipo ukokote baiskeli yako mpaka uvuke vurugu za matatu na tuktuk za Likoni. Hakuna atakayekuuliza kwa nini unatembea. Panda pale barabara inapokupa nafasi ya kuwa na mstari wako kushoto.

Kuanzia Ngombeni pumzi inafunguka. Minazi inakuja, miembe inakuja, na hapo ndipo miguu itakapotaka kwenda mbio. Izuie. Tumia gia nyepesi, miguu izunguke haraka bila kukandamiza, kiasi kwamba ungeweza kuzungumza na mtu bila kuhema. Ukishindwa kuzungumza, umezidisha.

Baada ya nusu saa ya kwanza simama upitie bolti zote za keria na usukani. Zinazolegea hulegea mapema, mzigo ukishatikisika ukapata mahali pake. Kisha kula. Mahamri mawili na mbaazi za nazi kwenye kibanda, chai ya rangi, na uendelee. Usingojee njaa. Mfukoni weka tende na kashata za njugu, na kila saa tia kitu kinywani hata kama hutaki. Njaa ya baiskeli haiji polepole. Inakuja ghafla, mikono inatetemeka, barabara inakuwa ndefu, na machozi yanakulenga bila sababu. Wengi hudhani ni moyo umekata, kumbe ni tumbo.

Maji ni hivyo hivyo. Katika joto la Januari nakunywa karibu lita moja kwa saa, kwa mafunda, si kwa kuinamia chupa. Maji matupu hayatoshi ukitoka jasho sana. Kliniki zinatufundisha maji ya sukari na chumvi kwa watoto wanaoharisha, na kwa msafiri yanafaa pia: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kupigwa bapa. Kamulia ndimu. Dafu nalo ni neema, na njia hii limejaa.

Utapita Kombani, barabara ya Kwale inapopanda kulia, wewe unanyooka. Utapita Tiwi. Saa nne asubuhi, kama hukupata pancha, utakuwa Ukunda, na utajisikia una nguvu bado. Utaona haya kusimama. Utasema Msambweni si mbali, niendelee. Ndugu yangu, simama. Nguvu hizo unazozisikia si za leo, ni za kesho. Nyuzi za misuli zilizochokozwa leo huuma kesho na kesho kutwa, na ukiongeza kilomita 25 kwenye jua la saa sita, maumivu yatakuja pamoja na uchovu wa joto, nawe utakuwa peke yako chumbani ukiyasikiliza.

Mahali pa kulala ulizia kwa wanawake wanaouza chakula, na si kwa vijana wa stendi, ambao ni wema lakini watakupeleka kwa rafiki yao. Mimi humwendea mama mwenye umri, nikamwamkia kwanza. "Shikamoo mama. Kama ningekuwa mwanao, ungenipeleka nikalale wapi?" Swali hilo halijawahi kunipeleka pabaya. Mara nyingine mama mwenyewe ananisindikiza, na mwenye gesti akiniona naye, bei inashuka na heshima inapanda. Baiskeli inalala chumbani pamoja nami, hilo nalisema kabla ya kulipa. Natazama komeo, nalitikisa, na nina kufuli langu.

Jioni ile

Nataka kukaa hapa kidogo, kwa sababu nimeona safari nyingi zikifia hapa.

Mchana una kazi. Jioni ya kwanza haina. Adhana ya magharibi inaita, majirani wanaitana, harufu ya samaki wa kukaanga inaingia dirishani, watoto wanaitwa ndani, na wewe umekaa juu ya kitanda usichokijua. Simu inalia, ni nyumbani, na sauti ya mama inauliza: "Umekula? Umelala kwa nani?" Hapo roho inasinyaa. Unaanza kuhesabu: Likoni ni kilomita 30 tu, kesho saa tatu naweza kuwa kwangu.

Upweke huo ni wa kweli, sitakwambia ni ujinga. Lakini una saa zake, na saa zake ni kati ya magharibi na usingizi. Kwa hiyo zijaze saa hizo kwa kazi za mikono. Fua suruali uitundike. Futa mnyororo uutie mafuta. Bonyeza tairi. Gonga spoki moja moja usikilize, iliyolegea hutoa sauti nzito kuliko wenzake. Jipake mafuta ya nazi pale panapokera. Kisha toka nje, kaa kwenye baraza la muuza kahawa kama ni mahali wanawake hukaa, au kwenye kibanda cha mama wa viazi karai, uagize kitu kidogo na usikilize watu. Andika kwenye daftari ulipita wapi na umetumia shilingi ngapi. Ukimaliza yote hayo, macho yatakuwa yanafumba yenyewe.

Na uweke sharti hili kabla hujaondoka nyumbani, ikibidi uliandike: hakuna kuamua kurudi wakati wa usiku. Ukitaka kurudi, amua asubuhi, baada ya kula, baiskeli ikiwa imefungwa mizigo na iko mlangoni. Ukiwa bado unataka kurudi hapo, rudi kwa amani. Mimi sijakutana na aliyefika hapo akageuka.

Nyumbani nao wapewe utaratibu. Mimi humpigia dada yangu saa kumi na moja jioni, si zaidi ya mara moja, nikamwambia nilipo na ninapokwenda. Mkipigiana kila saa, mwili unakuwa safarini na akili iko jikoni kwenu.

Siku ya pili: Ukunda hadi Msambweni

Siku fupi kuliko ya jana, kama kilomita 25, na ufupi huo ni wa makusudi. Kukaa kwenye kiti asubuhi hii kutauma. Robo saa ya kwanza ni mbaya, halafu inapungua. Simama juu ya pedali kila dakika chache kuipa ngozi hewa.

Kwa kuwa una muda, ingia Gazi. Iko upande wa bahari, mwendo mfupi kutoka barabara kuu. Wanawake wa Gazi wana njia yao ya mbao inayopita katikati ya mikoko, wanaitunza wenyewe na kupokea wageni, na kijiji kwa jumla kina mradi wa Mikoko Pamoja unaouza hewa ya kaboni, yaani kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko, na fedha zake zikaingia kwenye maji na shule. Lipa kiingilio, tembea taratibu, nyosha miguu iliyokaza. Ukiuliza chakula cha mchana mapema, wanapika. Samaki wa kupaka baada ya kilomita kumi na kitu ana ladha ambayo nyumbani huipati.

Msambweni kuna hospitali kubwa na maduka ya dawa. Kama ngozi imechubuka, nunua dawa leo, na kama imefanya jeraha, lala siku mbili. Hakuna anayekusubiri Tanga.

Siku ya tatu: Msambweni hadi Lunga Lunga

Leo ni kama kilomita 45 na utaona mwili umebadilika. Miguu inazunguka bila kuambiwa. Unapita Ramisi na mashamba ya miwa pande mbili, na ukipita ile njia panda ya Shimoni maduka yanaanza kuachana. Beba maji lita tatu kutoka Ramisi na chakula cha kutosha. Barabara inapanda na kushuka. Panapopanda shuka gia mapema, kabla mguu haujaanza kusukuma kwa nguvu. Goti likinung'unika, kumbuka lile la kiti: mbele, pandisha kidogo, nyuma, shusha. Kidogo maana yake upana wa kidole, si zaidi.

Malori yako hapa pia, yanakwenda na kutoka mpakani. Vaa kizibao kinachong'aa, na ukisikia lori nyuma na lingine linakuja mbele, toka kwenye lami. Usishindanie nafasi. Ukiwa na kioo kidogo kwenye usukani utaamua mapema.

Ni leo utakapoulizwa sana: "Peke yako?" Anayeuliza ni mzee chini ya mwembe au mama mwenye ndoo, na aghalabu anauliza kwa huruma. Mjibu, mwamkie, mwambie unatoka wapi. Nimepewa maembe, nimepewa maji ya mtungi, na bibi mmoja aliniombea dua akiwa ameshika usukani wangu, sikuthubutu kuusogeza mpaka alipomaliza. Lakini akiuliza kijana mwenye pikipiki anayekufuata mwendo wako, jibu ni lingine: "Wenzangu wako mbele, wananingoja." Na mahali utakapolala hakuna wa kutajiwa barabarani.

Jua likifika saa tano, tafuta kivuli, tandika leso, lala. Safari ya pwani ni ya alfajiri na ya alasiri. Msafiri Mwislamu ana ruhusa ya kupunguza sala na kuzijumuisha, itumie, imewekwa kwa ajili ya siku kama hizi.

Siku ya nne: Horohoro hadi Tanga

Kutoka Lunga Lunga hadi mpakani ni mwendo mfupi, kilomita chache. Fika mapema. Ofisi za nchi mbili ziko pamoja, unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia. Beba pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano maana huulizwa, na risiti ya baiskeli au picha ya namba ya fremu. Badilisha fedha za kukutosha siku mbili tu, hesabu mwenyewe, usihesabiwe. Tanzania nao huendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo barabarani hakuna jipya la kujifunza.

Kutoka Horohoro hadi Tanga ni kilomita 65, lami nzuri, na mashamba ya mkonge yatakuwa nawe kipande kirefu. Hii ndiyo siku ya kwanza ya kuendesha kweli, na umeifikia ukiwa tayari. Gawanya mara tatu, na kila thuluthi uishie kwenye kivuli na chakula. Salamu za huku ni ndefu kuliko za kwetu, usizikatishe. Mapango ya Amboni yako kama kilomita 8 kabla ya mji, kando ya barabara hii, lakini yaache mpaka kesho, maana ukisimama hapo miguu ikapoa, hizo kilomita 8 zitakuwa nzito.

Tanga kaa siku nzima bila kuendesha. Fua kila kitu, kagua tairi, kaza spoki, mnyororo uusafishe kwa mafuta ya taa ndipo uutie mafuta upya. Kisha mwaga mizigo yote kitandani. Kitu ambacho hukukigusa tangu Likoni, isipokuwa dawa na vifaa vya pancha, kifunge kwenye mfuko ukipeleke stendi. Mabasi ya Mombasa hupita hapa na hupokea vifurushi. Andika jina na namba ya simu ya mtu wa nyumbani pande zote mbili kwa kalamu ya wino usiofutika.

Kesho yake njia zinagawanyika. Ya Pangani inafuata bahari, ina kivuko cha mto na magari machache. Ya Muheza na Segera ni lami ya magari makubwa, inakupeleka Chalinze na kwingineko. Kwa anayesafiri peke yake na hana haraka, mimi namwelekeza Pangani.